Isale: Kutoka Mpakani hadi Chunguni



Walioniomba nizungumzie mimea ya mapambo nadhani walitarajia waridi, au bogenvilia, au yale maua ya chungu yanayouzwa kando ya barabara. Mimi nimekuja na isale. Najua baadhi yenu mmeguna. Isale ni mmea wa mpakani, wa kaburini, wa kuombea msamaha. Hakuna mtu wa Marangu wala Machame anayekwenda kitaluni kununua isale. Lakini mmea huuhuu, wenye majani marefu yanayoinama kama ya mahindi, umesimama kwenye mapokezi ya benki na hoteli kuanzia Dar es Salaam hadi Amsterdam, na huko watu wameutolea fedha. Wataalamu wa mimea wanauita Dracaena fragrans. Ni mti mdogo wa nchi za joto, haupukutishi majani mwaka mzima, na kwao ni hapa.

Hoja yangu ni moja. Sifa zilizowafanya wahenga wa Kilimanjaro wauchague mmea huu kuwa shahidi wa mpaka ndizo zilizoufikisha kwenye vyungu vya dunia nzima, na mtu akizielewa sifa hizo matunzo yake yanajieleza yenyewe. Karibu kila isale linalofia sebuleni limeuawa na mtu aliyesahau linatoka wapi.

Basi tuanze msituni. Mmea huu huota wenyewe katika Afrika ya tropiki, kuanzia Sudan hadi Msumbiji, na upande wa magharibi hadi Angola na nchi za Ghuba ya Guinea. Hupenda miinuko, mita 600 hadi 2,250 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwetu utaukuta Usambara, Upare, na katika msitu wa Kilimanjaro juu ya mashamba. Usiutafute kileleni mwa miti. Uko chini, kwenye kivuli cha miti mikubwa, ambako jua hupenya kwa vipande, udongo umejaa mboji ya majani yaliyooza, na maji yakinyesha hayatuami kwa sababu ardhi ina mteremko. Huko unaweza kufika hata mita 15, ingawa mingi haifiki nusu ya hapo. Majani yake mapana ya kijani kilichokoza ni ya mmea uliozoea kuokoteza mwanga. Hukua polepole. Anayetaka kuona tofauti kila wiki apande maboga.

Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa jani lake linafanana na la mhindi, basi ni ndugu yake. Sivyo. Ndugu zake wa karibu ni wale tunaowaita katani pori, wenye majani magumu yaliyosimama wima, ambao siku hizi wanabotania wamewaingiza katika jenasi hiyohiyo ya Dracaena. Mkonge wa Tanga nao uko katika familia moja na isale, ile ya asparaga. Wote hawa wana tabia ya kuvumilia: wakikosa maji hunyamaza, hawafi.

Kuna jambo moja la umbo lake ambalo nilipokuwa nafundisha biolojia lilinipa shida kulieleza ubaoni, nami nalipenda hadi leo. Mmea huu ni wa kundi la mbegu zenye ghala moja, kundi la nyasi, migomba na minazi. Mimea ya kundi hili kwa kawaida hainenepi shina. Mnazi ukishasimama, unene wake ndio huohuo, unarefuka tu. Lakini isale na jamaa zake wamebuni njia yao: wana tabaka la seli zinazogawanyika karibu na ukingo wa shina, na tabaka hilo huongeza vifurushi vya mishipa mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo isale linanenepa. Halinenepi kama msonobari au mti wa matunda, ambao ukiukata unakuta pete za miaka. Kata shina la isale lenye umri wa babu yako, utaona nyuzi zilizotawanyika, hakuna pete hata moja.

Tafakarini hilo kidogo. Shahidi wetu wa mpaka hana njia ya kutaja umri wake. Mtu akipandikiza masale usiku mita mbili ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha jirani, hakuna mtaalamu atakayekata shina na kuhesabu pete mbele ya baraza. Huko Visiwa vya Canary liko jamaa kubwa la isale, Dracaena draco. Mti mmoja wa jamaa hiyo ulikuwa Orotava, Tenerife. Alexander von Humboldt aliuona mwaka 1799, na kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba una umri wa maelfu ya miaka, hadi dhoruba zikauangusha karne ya 19. Wataalamu wa leo wanapokisia umri wa miti ya namna hiyo huhesabu ni mara ngapi imegawanyika matawi, kwa sababu kila mgawanyiko unatokana na kuchanua, na majibu wanayopata ni ya mamia ya miaka tu. Nitarudi kwenye kuchanua, maana mwenye bustani anafaidika nako.

Sasa mpaka. Kwa nini wazee hawakupanda mparachichi, au mkuyu, au kitu kinacholiwa? Jaribuni kufikiri kama mtu anayetafuta alama ya kudumu kwenye ardhi iliyobanana, kwa sababu vihamba vya Kilimanjaro vimebanana tangu zamani. Alama hiyo ionekane kiangazi na masika, kwa hiyo iwe mmea usiopukutisha majani. Isichukue nafasi, maana kila hatua ya udongo ni mgomba au mbuni. Isiwe na matunda ya kugombewa. Isifae kwa mbao wala kuni, ili mpita njia asiwe na sababu ya kuikata. Shina la isale ni la nyuzinyuzi na maji, jikoni halina kazi. Iote kwa kuchomekwa tu, bila kitalu wala mbegu. Ikikatwa ichipue palepale. Na ivumilie kivuli, kwa sababu kihamba chenyewe kimejengwa kwa ghorofa: juu mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi. Mmea wa kupenda jua ungekufa humo. Isale liko nyumbani, kwa kuwa kihamba ni msitu uliofugwa.

Ndiyo maana nasema uchaguzi huo ulikuwa wa kibotania kabla haujawa wa kimila. Mengine yalifuata. Nanyi mnayajua kuliko mimi: mtu akimkosea mwenzake jambo kubwa, hutuma mshenga mwenye jani la isale, na kwa kawaida mbege, pombe ya ndizi, haikosekani; aliyeletewa jani akilipokea, amekubali kuzungumza. Kulikataa ni jambo la kuogofya, na wazee waliamini anayelikataa anajiletea balaa. Mchungaji Bruno Gutmann, Mjerumani wa Kilutheri aliyeishi mlimani miaka mingi na kuchapisha kitabu kinene cha sheria za Wachaga mwaka 1926, alilikuta jani hili katika kila kona ya maisha ya watu: kwenye mapatano, kwenye makaburi, kwenye matambiko. Kanisa halikulifukuza. Wapo hapa wazee wa kanisa ambao wamepatanisha ndugu kwa isale, na usharika haukutikisika.

Wala si letu peke yetu. Bukoba na Buganda kuna mulamula, umepandwa kwenye mipaka na mashahidi wameitwa kuangalia ukipandwa. Rwanda na Burundi wana umuhati, ambao ni jamaa yake wa karibu sana, Dracaena afromontana. Katika nyanda za juu za magharibi mwa Kamerun, mtu aliyeshika tawi la nkeng mkononi anatangaza kwamba amekuja kwa amani, na nkeng nayo ni Dracaena. Mwanaanthropolojia Michael Sheridan, wa Chuo cha Middlebury huko Marekani, alianza na mipaka ya Upare Kaskazini, kisha akafuatilia mimea ya namna hii Kamerun, Karibi na visiwa vya Pasifiki, ambako kazi ileile inafanywa na mmea mwingine unaofanana nao, Cordyline. Kitabu chake kilitoka mwaka 2023. Kinachonivutia humo ni kwamba watu waliotengana kwa bahari nzima, wasio na lugha moja wala dini moja, walipotafuta mmea wa kushika ahadi, waliokota wenye umbo na tabia zilezile. Mimi ni mtu wa mimea, kwa hiyo naona mkono wa mmea katika jambo hilo. Wanaanthropolojia wataniambia nimerahisisha, na huenda wana haki yao.

Mmea ulisafirije hadi chunguni? Jina lake la kwanza la Kilatini alilitoa Linnaeus mwaka 1762, na mwaka 1808 Ker Gawler akauhamishia kwenye Dracaena. Lakini sura inayotuhusu zaidi ilianzia Usambara Mashariki, mwishoni mwa karne ya 19, kwenye shamba la kahawa la Wajerumani lililoitwa Derema, jirani na Amani. Mmea uliochukuliwa huko uliandikwa Berlin na Adolf Engler kama spishi mpya, Dracaena deremensis. Kutokana na mmea huo zikatoka aina mbili zilizojaa maofisini leo: ile ya michirizi myeupe iitwayo Warneckei, na ile ya kijani tupu kinachong'aa iitwayo Janet Craig. Mwaka 1992 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na J. J. Bos waliichunguza upya jamii hii, ya porini na ya bustanini, wakaamua kwamba deremensis na fragrans ni spishi moja. Kwa hiyo anayenunua Warneckei ya bei mbaya pale mjini amenunua isale la Tanga lenye michirizi. Watu wa Derema wenyewe kwa miaka mingi walilima iliki chini ya miti ya msitu, na sidhani kama wengi wao wana habari kwamba jina la mahali pao limezunguka dunia limebandikwa kwenye vyungu.

Ile nyingine yenye mstari mpana wa njano katikati ya jani inaitwa Massangeana. Hii ndiyo inayouzwa kama gogo lenye vichipukizi viwili vitatu kileleni. Magogo hayo mengi hutoka Costa Rica. Yanakatwa kwa urefu tofauti, ncha ya juu inazibwa kwa nta ili isikauke, yanasafirishwa kwa meli, na huko yaendako yanachomekwa matatu katika chungu kimoja, refu, la kati na fupi. Nawaombeni mwone alichofanya mfanyabiashara huyo: amefanya kile alichofanya bibi yenu alipokata pingili na kuichomeka mpakani, ila yeye kaongeza nta na meli. Sisi tunaoishi kwenye chimbuko lake hatuuzi hata gogo moja la maana. Hilo ni la wenye vitalu kulijadili, mimi siuzi.

Tuje kwenye matunzo, na hapa nitakaa kidogo.

Mwanga. Mmea wa chini ya msitu hautaki jua la saa saba, na jua la Dar es Salaam au Tanga litalichoma jani liwe na mabaka meupe ya kukauka. Weka barazani upande wa mashariki, au chini ya mwembe, au ndani karibu na dirisha lenye pazia jepesi. Watu wakisikia kwamba unavumilia kivuli, wanausukumia kwenye pembe ya korido isiyo na dirisha. Utakaa humo miezi mingi bila kufa, ni kweli, kwa sababu ni mvumilivu. Lakini hauishi, unatumia akiba. Massangeana ikikosa mwanga, mstari wa njano unafifia, majani mapya yanatoka ya kijani. Hiyo ni hesabu ya mmea: sehemu ya njano ina klorofili kidogo, haitengenezi chakula cha kutosha, na wakati wa njaa hailipi.

Maji. Hapa ndipo masale yanapokufa. Udongo wa msituni una mboji nyingi na hauwi tope; mizizi inapata maji na hewa kwa pamoja. Chunguni, mtumishi wa ofisi aliyeagizwa amwagilie maua hutimiza wajibu wake kila asubuhi, kwa moyo mmoja, hadi shina linaoza kwa chini na majani yanalegea. Akiona yamelegea anaongeza maji. Chomeka kidole hadi pingili ya pili. Ukikuta unyevu, ondoka. Chungu kiwe na matundu, na sahani ya chini isitunze maji. Udongo uchanganye mboji iliyoiva vizuri na mchanga wa mtoni, pamoja na vipande vya makaa ukiwa navyo. Kwenye baridi chini ya nyuzi 10 mmea husimama na hata kuumia, kwa hiyo ndugu zetu walioko Ulaya wasiuache kwenye ukumbi usio na joto wakati wa baridi. Na huku kwetu usiupange mbele ya kiyoyozi, kwa sababu hewa ile kavu hukausha kingo za majani.

Sasa lile ambalo kwa watu wa kanda hii lina uzito wa pekee. Mmea wowote wa Dracaena fragrans unaweza kuonyesha ncha za majani zilizokauka, rangi ya hudhurungi, zikizungukwa na ukingo wa njano. Wengi hudhani ni kiu, wanaongeza maji, na ncha zinazidi. Mara nyingi kisababishi ni floridi. Floridi iliyomo kwenye maji hupanda na maji hadi kwenye jani. Maji yanatoka kwa mvuke, floridi inabaki, na kwa kuwa safari ya maji huishia kwenye ncha na kingo, huko ndiko inakolimbikizana hadi inaua seli. Haishuki tena. Jani lililoungua haliponi. Warneckei na Janet Craig ni wepesi zaidi kuumia, na hata maji yenye floridi ya miligramu 1 kwa lita huweza kuwaletea madhara.

Nanyi mnajua maji ya ukanda huu. Ukitoka hapa kuelekea Arusha unapita Maji ya Chai, na watu waliokulia huko wamebeba alama ya floridi kwenye meno yao. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kwa maji ya kunywa, na kuna visima na mito kuzunguka Meru inayozidi kiasi hicho mara nyingi, kwa sababu maji yamepita kwenye miamba ya volkano. Floridi haiondoki kwa kuchemsha; ukichemsha maji yanapungua na floridi inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Kuacha maji ndooni usiku kucha husaidia klorini itoke, floridi hapana. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichofanya kazi miaka mingi ya kuchuja maji ya kunywa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na njia hiyo hufanya kazi. Lakini kwa ajili ya chungu cha maua kuna njia rahisi zaidi: maji ya mvua. Weka pipa chini ya bomba la paa. Isale msituni halikuwahi kuonja maji mengine.

Halafu angalieni mbolea. Mbolea za fosfati za viwandani, hasa zile za supa, hutengenezwa kwa mawe ambayo kwa asili yana floridi, na sehemu yake hubaki humo. Mmea huu hauhitaji fosfati nyingi. Mboji mara mbili kwa mwaka inautosha. Udongo ukiwa na uchachu mwingi, floridi huingia kirahisi zaidi kwenye mizizi, kwa hiyo chokaa kidogo ya kilimo inasaidia. Majivu ya jikoni nayo hupunguza uchachu, ila kwa kijiko, si kwa karai.

Kuna sifa moja ambayo isale limepewa bila kuistahili. Mwaka 1989 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa ripoti ya Bill Wolverton na wenzake waliofungia mimea ya ndani katika masanduku yaliyozibwa, wakatia humo mvuke wa benzini na kemikali nyingine, wakapima kiasi kilichobaki. Aina kadhaa za Dracaena zilikuwemo, na zilifanya vizuri. Ripoti ile ilikuwa ya haki kwa kazi yake. Ilihusu masanduku yaliyozibwa. Wauza maua wakaigeuza kuwa habari kwamba chungu kimoja kinasafisha hewa ya chumba. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walikusanya majaribio 196 ya namna hiyo, wakayapigia hesabu ya nyumba halisi ambamo hewa huingia na kutoka. Ili mimea ishindane na hewa inayopita yenyewe, unahitaji kati ya vyungu 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Katika chumba cha mita kumi na mbili za mraba, hata kwa hesabu ya chini kabisa, ni vyungu 120. Mwenye nyumba atalala wapi? Fungua dirisha. Isale liweke kwa sababu unalipenda.

Sasa kuzalisha. Chukua kisu kikali au panga lililonolewa, kata shina lililokomaa kwa vipande vya sentimita 15 hadi 30. Weka alama ya upande wa juu mara tu unapokata, kwa kuwa baada ya dakika tano vipande vyote vitafanana na hutajua. Pingili ina kumbukumbu ya juu na chini: homoni ya ukuaji huteremka kuelekea upande uliokuwa wa mizizi, na mizizi huchipuka huko. Ukiichomeka kichwa chini itasumbuka na aghalabu itaoza. Ukiwa umepoteza alama, ilaze ubavu nusu imefukiwa. Itatafuta njia yake yenyewe. Acha jeraha likauke kwa siku moja kivulini kabla ya kuchomeka, kisha tumia mchanga na mboji, unyevu kidogo, kivuli. Machipukizi yanaweza kuonekana baada ya wiki kadhaa, lakini msidanganyike: macho hufumbuka kwa akiba iliyomo shinani, mara nyingi kabla mizizi haijawa ya kutosha. Anayehamisha pingili kwa furaha ya jani la kwanza huipoteza. Subirini ikatae kung'oka ukiivuta kidogo. Jani peke yake halioti, hata ukiliweka majini mwaka mzima. Mpakani, pandeni mwanzoni mwa masika, hatua fupi kati ya shina na shina.

Mmea uliopanda juu sana na kuvua majani ya chini una dawa hiyohiyo. Kata kichwa. Kileleni ndiko inakotoka amri inayozuia macho ya chini yasifumbuke. Ukiiondoa, macho mawili au matatu chini ya jeraha yanaamka, na shina moja linakuwa na matawi. Mmea wenyewe hufanya hivyo unapochanua: ua hutokea kileleni, ukuaji wa shina lile unakoma, na matawi yanaanzia chini yake. Ua lenyewe ni shada refu la maua madogo meupe yenye wekundu kidogo, yanafumbuka jioni kwa ajili ya nondo, na harufu yake ni kali kiasi kwamba ndani ya nyumba watu hutoa chungu nje wakalala. Linadondosha maji matamu yenye kunata. Siafu na sisimizi wataarifiana. Baadaye hutoka matunda mekundu ya rangi ya chungwa. Ndani ya ofisi huchanua kwa nadra, kwa hiyo wengi wanaoumiliki hawajui kwamba lile neno fragrans limewekwa kwa sababu hiyo.

Wadudu si wengi. Vidung'ata vyeupe vinavyojificha kwenye kikwapa cha jani, na vidugamba, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Utitiri huja hewa ikiwa kavu; oshea majani bombani. Na wenye paka na mbwa wajue kwamba majani yana saponini: paka akitafuna atatapika na mboni za macho kupanuka. Kwa kawaida hupona, lakini chungu kiinuliwe.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni kama anaweza kukata pingili za kupanda chunguni kutoka kwenye masale ya mpaka wake. Kibotania hakuna shida, yanachipua upesi na yanakuwa manene zaidi. Lakini kata ukiwa umemwambia jirani, mchana, ikiwezekana naye akiwepo, kata sehemu ya juu tu na acha shina lenye urefu wa kiuno, wala usiguse mzizi. Mwachie naye pingili mbili. Masale yaliyokatwa usiku yamepeleka watu wengi barazani, na wajumbe wa baraza hawatataka kusikia habari za homoni ya ukuaji.

Sasa nitapokea maswali.